Dakika Chache za Chumba cha 31

Jumatatu, 3 Februari

Gari limegoma tena. Nyuzi thelathini chini ya sifuri, nalo limelala kama gogo. Nimekuja kazini kwa basi, pua haina habari na mwenye pua. Gunnar, kiongozi wa timu yetu, kafika saa mbili kamili na gari lake, mashavu mekundu, anapiga mluzi. Siri yake? Soketi! Maegesho yetu yana nafasi kumi na moja, na ukutani kuna soketi moja tu ya kuchomekea kipasha joto cha injini, ili gari lisigande mchana kutwa. Soketi ni ya kiongozi wa timu. Miaka kumi na tatu naitazama kupitia dirisha.

Lakini leo kuna habari! Gunnar anastaafu Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14. Anahamia Arizona kuota jua. Bosi wetu, Darlene Skogman, kasema atamtaja mrithi wake siku hiyo hiyo. Washindani ni wawili: mimi, Waino Kallio, mtu wa heshima zake, na Mai Vang, binti wa juzi tu, ambaye hucheka kwanza ndipo akwambie umekosea wapi.

Na kazi ya kuonyeshea ubingwa imejileta yenyewe. Sisi hutengeneza ubao wa kengele kwa makao ya wazee. Mzee akivuta kamba chumbani, namba ya chumba chake inatokea kwenye kioo cha wauguzi, pamoja na muda aliosubiri. Shida ni kwamba muda unatoka kwa sekunde tupu. "Chumba 9: 2847." Wauguzi wamechoka. Wamesema waliajiriwa kuuguza, si kupiga hesabu za kugawanya. Darlene anataka mtu azigeuze sekunde ziwe maneno yanayosomeka. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Gawanya kwa sitini, basi! Kazi ya asubuhi moja.

Isitoshe Shangazi Aili anaishi kwenye makao yenye ubao huo. Chumba cha 31, cha mwisho kabisa kwenye ujia. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita. Kwa hiyo namfanyia kazi Shangazi pia. Ila soketi kwanza.

Jumanne, 4 Februari

Nimeaibishwa.

Kila asubuhi tunasimama duara, kila mtu aeleze kafanya nini jana. Tunasimama ili tusiseme mengi. Mai kasema mengi. Hapa kwetu hakuna mstari wa programu unaoingia kabla mwenzako hajaupitia na kuuwekea tiki, na yangu kaipitia yeye. Kumbe kaijaribu kwa sekunde 119 na nusu na kidogo. Ikajibu: "Dakika 1 na sekunde 60."

Akaniuliza mbele ya watu, eti kaka Waino, hiyo dakika yako imenunuliwa wapi, mbona imeongezewa? Wote wakacheka. Gunnar alicheka hadi kahawa ikamtokea puani. Nikajitetea kwamba hilo ni suala la kukadiria desimali, nani hakosei. Mai akasema kweli, kila mtu hulikosea, ila mara moja tu maishani.

Mistari yangu kumi imepata maoni kumi na manne. Kumi na manne!

Jumatano, 5 Februari

Nimerekebisha. Sasa inasema: "Siku 0, saa 0, dakika 4, sekunde 1." Sahihi kabisa. Mai kataka kujua sifuri zote hizo ni za nini, tunamsomea mgonjwa au tunampigia simu?

Nikaziondoa, na neno siku nikalifuta kabisa. Akarudi tena. Aligundua kwamba ukipita siku nzima, hesabu yangu inaanza upya: aliyesubiri saa ishirini na tano anaandikiwa saa moja. Nikamwambia, we Mai, nani atasubiri muuguzi saa ishirini na tano? Safari hii hakucheka. Akasema, mtu aliyesahaulika.

Huyu binti anajua kuharibu siku ya mtu. Nimeirudisha siku. Kaweka tiki saa tisa, na ubao mpya umewashwa makaoni kabla ya saa kumi. Darlene alimshukuru Mai. Mai!

Alhamisi, 6 Februari

Bahati imenipigia simu, na mimi ndiye niliyeipokea.

Alikuwa Bwana Peck, msimamizi wa makao. Sauti ya mtu aliyekalia msumari. Kasema kioo cha wauguzi kinaonekana kutoka ujiani, na jana jioni binti wa mzee mmoja amesoma "dakika 38" kwenye namba ya chumba cha baba yake. Akafoka hadi wapishi wakatoka jikoni. Zamani ingeandikwa 2280, na wageni wangedhani ni namba ya simu ya ndani. Sasa wanaelewa! Bwana Peck akaniuliza kwa unyonge kama hakuna namna ya kusema muda bila kuwatisha watu.

Nikamwambia amempata mtu mwenyewe.

Mpango: maneno laini. Chini ya dakika moja, ubao useme "sasa hivi." Kuanzia dakika moja hadi robo tatu ya saa, useme "dakika chache." Zaidi ya hapo, "saa moja hivi." Zaidi ya saa mbili, "kitambo kidogo." Hakuna namba, hakuna desimali, hakuna sekunde ya sitini. Nilijipongeza kwa keki ya Gunnar iliyokuwa kwenye friji.

Nikampelekea Mai. Thubutu! Kakataa katakata. Aliandika kwamba mzee aliyesubiri dakika mbili na aliyesubiri arobaini wataonekana sawasawa, na muuguzi atajuaje aanze na yupi? Akaongeza: "Kaka, si una shangazi yako pale?"

Nimeyaondoa. Nimenuna mchana kutwa. Hakuna aliyeona.

Ijumaa, 7 Februari

Leo nimefanya jambo la akili kuliko yote tangu nianze kazi. Naliandika hapa kwa sababu hakuna ninayeweza kumsimulia.

Kila mwandika programu analijua hili ila halisemi: mpe mwenzako mistari kumi aikague, ataona makosa kumi. Mpe mistari elfu tatu, atasema iko safi. Basi asubuhi nzima nimekuwa nikisogeza nafasi. Nafasi tupu! Kila mstari wa programu yetu ulioanza na nafasi mbili nimeupa nne. Faili mia na sita. Mistari 3,112. Na katikati, kwenye faili la sabini na kitu, nikaweka maneno yangu laini. Mistari kumi na tisa, imelala humo kimya.

Na saa nikaichagua. Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Kila Ijumaa Mai huondoka mapema na baba yake kwenda kuvua samaki kwenye barafu. Alikuwa ameshavaa kofia. Akaniuliza ndani mna nini. Nikasema ni kunyoosha nafasi tu, ili Gunnar atuache pasafi. Akaniangalia. Akasema sawa kaka, nakuamini, akaweka tiki akiwa amesimama, glavu moja mkononi.

Niliposikia lile neno, kitu kilinichoma kidogo chini ya mbavu. Huenda ni keki.

Jumapili, 9 Februari

Kwa Shangazi. Gari limewaka kwa kusukumwa.

Shangazi ana miaka themanini na mmoja. Miaka thelathini alipika kwenye jiko la shule, na aliacha kazi na kitu kimoja tu: saa ya jikoni ya kuzungusha, ile inayolia chai ikiiva. Anaiweka kwenye mfuko wa gauni lake la nyumbani na kupimia kila kitu. Mahubiri. Uji. Na wauguzi. Kasema wiki iliyopita akivuta kamba walikuwa wanafika kwa dakika kumi na mbili. Jana, ishirini na sita. Leo asubuhi, thelathini na moja.

Nikamwambia saa yake imezeeka. Akasema na mimi pia nimezeeka lakini bado ananiamini.

Kisha akataka kujua kama ubao ule wa kengele si ndio kazi yangu. Nikajipiga kifua, nikasema ndiyo, tena maneno yake mapya ni ya kwangu. Shangazi alifurahi. Akamwita Sista Odette, muuguzi wa zamu, amwambie kwamba mtoto wake ndiye mwandishi wa ubao. Sista Odette akanitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitaka kusema kitu, kengele ikalia, akaondoka mbio.

Jumatatu, 10 Februari

Ushindi! Bwana Peck kampigia Darlene kutoa shukrani. Tangu Jumamosi hakuna hata familia moja iliyolalamika. Wageni wanasoma "dakika chache" na kurudi kukaa. Darlene akasimama katikati ya duara letu akanitaja kwa jina. Gunnar akanipiga bega. Mai akauliza kwa upole, maneno yepi hayo, si yaliondolewa? Nikaangusha kikombe makusudi. Kelele za kuokota vigae zikanisaidia.

Mchana nilishuka kuipima soketi. Waya wangu unafika, na unabaki.

Jumatano, 12 Februari

Shangazi ameanguka.

Saa nne asubuhi, bafuni. Kifundo cha mkono kimevunjika. Aliifikia kamba akiwa sakafuni, akaivuta, halafu kwa mazoea akaizungusha saa yake ya jikoni. Walimfikia baada ya dakika arobaini na tatu. Anajua kwa sababu alikuwa ameishika sikioni muda wote, ili asilale usingizi kwenye vigae vya baridi.

Nilikwenda hospitali. Alionekana mdogo sana kitandani. Aliniambia kwamba alikuwa akisikia nyayo za wauguzi ujiani, zinakwenda, zinarudi, hazifiki. Alidhani labda wamemkasirikia kwa kuvuta kamba mara nyingi. Akasema, mwanangu, nilijaribu kukumbuka nimewakosea nini.

Nilitoka nje nikasimama karibu na mashine ya kahawa. Sikunywa kitu.

Sista Odette alikuwepo, amemsindikiza. Alinieleza bila kupandisha sauti. Saa ile kengele saba zilikuwa zimelia. Zote saba ziliandikwa "dakika chache." Akaanza na wa juu, kama kawaida, kwa sababu ubao siku zote humweka juu aliyesubiri zaidi.

Hapo nikaelewa. Ubao ulikuwa ukipanga vyumba kwa sekunde. Mimi sekunde nilizitupa nikaweka maneno mahali pake. Ningeweza kuziacha ndani na kuweka maneno juu yake tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua hilo. Maneno yakifanana, ubao hauna cha kupangia isipokuwa namba ya chumba. Chumba cha 2 kikilia sasa, kinakaa juu. Chumba cha 31 kiko chini siku zote.

Nimekaa nafikiri. Nimefikia uamuzi kwamba kosa ni la aliyevipa vyumba namba.

Alhamisi, 13 Februari

Mai kafungua kumbukumbu za ubao kabla sijafika (nimekuja kwa basi tena). Kengele ya 31: imelia saa nne na dakika sita, imezimwa saa nne na dakika arobaini na tisa. Akatafuta mstari ulioleta maneno. Akaukuta. Pembeni yake pana majina mawili, kama sheria yetu inavyotaka: jina la aliyeandika na jina la aliyeweka tiki.

Nilipoingia walikuwa wameshasimama duara. Nilikuwa na maelezo matatu tayari, moja la machozi. Sikupata nafasi. Mai alikuwa anasema kwamba tiki ni ya kwake. Kwamba hakusoma. Kwamba alikuwa na haraka ya kwenda kuvua samaki, na bibi wa watu kalala sakafuni. Hakutaja nafasi. Hakutaja aliyoambiwa. Darlene akauliza kama kuna mwenye la kuongeza, akanitazama mimi.

Nilitazama viatu vyangu. Ni viatu vizuri, vya manyoya ndani.

Hadi adhuhuri Mai alikuwa amezirudisha sekunde ndani ya ubao, na nje dakika kamili, aliyesubiri zaidi juu, kwa rangi nyekundu. Mistari tisa. Akaniletea mimi niikague. Nikaweka tiki. Sikuona kosa hata moja, na nilitafuta.

Ijumaa, 14 Februari

NIMEIPATA!

Ilikuwa hivi. Darlene alimwita Mai kwanza. Mlango wake haufungi vizuri. Alimpa uongozi wa timu, licha ya yote yaliyotokea, maana mtu anayekiri kosa lake ndiye anayefaa. Mai akakataa. Akasema hawezi kupokea kitu wiki hii, hata chakula hakimpiti. Kisha Darlene akashusha pumzi nzito, nikasikia jina langu, kwa sauti ya mtu anayeokota kitu kilichoanguka.

Nani anajali sauti? Saa kumi na moja jioni nimelihamisha gari. Limesukumwa na Gunnar na watu wawili wa duka la matairi la chini. Nimechomeka. Taa ndogo nyekundu ikawaka. Nilisimama pale hadi vidole vikafa ganzi. Kila mtu alikuwa ameshaondoka, hata keki ya kumuaga Gunnar ilikuwa imekwisha, na hakukuwa na wa kumwonyesha ile taa.

Jumapili, 16 Februari

Gari limelala kwenye soketi tangu Ijumaa, na leo limewaka kwa jaribio la kwanza tu! Kama limetekenywa!

Nimekwenda kwa Shangazi, amesharudishwa makaoni, mkono kwenye plasta. Swali lake la kwanza: nani aliyefanya ubao ule? Akakumbuka nilijisifu kwamba maneno ni ya kwangu. Nikamwambia yangu yalikuwa mazuri, ila kuna mtu kazini aliyeweka tiki bila kusoma. Si uongo! Kila neno ni kweli.

Nilitegemea atakasirika. Shangazi akasema, maskini, huyo mtu atakuwa halali usingizi. Niletee nimwambie sina kinyongo.

Mlango ukagongwa. Mai! Amekuja mwenyewe, na baba yake amebaki chini kwenye gari. Ameshika sufuria ya uji wa mchele na kuku, imefungwa taulo. Akasimama mlangoni akasema, Bibi, mimi ndiye niliyeweka tiki. Machozi yakamtoka. Shangazi akamnyooshea mkono mzima, akamkalisha kitandani, akamwambia asilie, amweleze pole pole, mwanzo hadi mwisho, ilikuwaje mtu makini kama yeye akaweka tiki bila kusoma.

Mai akanigeukia. Alikuwa ananingoja nianze mimi.

Nikasimama. Nikasema nakwenda kuwaletea kahawa, tutazungumza nikirudi. Shangazi akaniuliza nitachukua muda gani. Nikasema, dakika chache. Akatoa saa yake ya jikoni mfukoni kwa mkono wa kushoto, akaizungusha hadi tano, akaiweka kwenye meza.

Naandika haya ndani ya gari, kwenye maegesho ya makao. Injini inanguruma, joto tele. Dirisha la chumba cha 31 naliona kutoka hapa. Mai ametuma ujumbe: Shangazi anauliza uko wapi, saa imelia mara ya nne, kila ikilia anaizungusha upya, hataki kula bila wewe. Nimemjibu: "Nakuja sasa hivi."

Na nitakwenda. Ila nimepata wazo zuri sana, lazima niliandike kabla halijatoroka. Ukaguzi wa programu ndio wenye hatari. Kiongozi wa timu ana haki ya kubadilisha sheria. Kuanzia kesho, mwenye soketi hatahitaji tiki ya mtu.